Wilaya Zetu Si Mashamba ya Kuvunia PhD

Leo naomba niwachokoze wasomi kidogo. Si wote. Nawachokoza wale wanaosaka shahada ya uzamivu, ile nondo kubwa inayoitwa PhD, kwa kutafiti huduma za afya na ustawi wa jamii katika halmashauri zetu. Wengine ni marafiki zangu wa karibu na najua simu zitaanza kuita kabla ya jioni. Wapige tu. Mada hii nimekaa nayo tumboni muda mrefu na sasa inanivimbisha.

Niiseme hoja yangu mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Mfumo tulionao wa kuwafundisha watu kutafiti huduma za halmashauri unamnufaisha kila mtu isipokuwa halmashauri. Mwanafunzi anapata shahada. Msimamizi wake anapata makala ya kuongezea kwenye orodha yake. Chuo kinapata sifa. Mfadhili anapata ripoti. Halmashauri inapata sahihi moja zaidi kwenye kitabu cha wageni. Na mimi nasema huu ni usanii, hata kama umevaa joho.

Kabla hamjanirushia mawe, tukumbushane kwanza halmashauri ni kitu gani, maana vijana wengi wa mjini tunadhani halmashauri ni wale wanaokuja kufungia vibanda na kudai ushuru.

Mwaka 1972 serikali ilizifuta serikali za mitaa ikaleta kile kilichoitwa Madaraka Mikoani. Madaraka yalifika mikoani kweli, ila yalibebwa na maofisa wa serikali kuu. Miji ikabaki bila mwenyewe. Taka zikarundikana, mitaro ikaziba, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaipiga nchi. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Mwaka 1982 zikatungwa Sheria Namba 7 na Namba 8 za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 likaja wimbi la maboresho, na neno la kila warsha likawa ugatuaji wa madaraka.

Leo Tanzania Bara ina halmashauri 184. Mtoto wako akichanjwa, aliyemchanja kwa kawaida ni mwajiriwa wa halmashauri. Zahanati ya kijijini kwa bibi yako ni ya halmashauri. Kituo cha afya na hospitali ya wilaya, vilevile. Mtoto akitelekezwa stendi, anayeitwa ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mzee wa miaka zaidi ya 60 asiyejiweza anayetaka atibiwe bure, faili lake linapita kwa watu hao hao. Ndiyo kusema afya ya Mtanzania wa kawaida inaamuliwa zaidi na Mkurugenzi Mtendaji wa wilaya na Mganga Mkuu wake kuliko na waziri tunayemwona kwenye televisheni.

Kwa hiyo sina ugomvi na mtu anayetaka kutafiti halmashauri. Kinyume chake, nataka watafiti wawe wengi. Ugomvi wangu ni namna wanavyofundishwa kufanya kazi hiyo.

Tazama safari ya mwanafunzi wa PhD. Anaandika pendekezo lake la utafiti akiwa Dar, au Umeå, au Basel, au London. Swali la utafiti linatoka wapi? Linatoka kwenye makala alizosoma, au kwenye mradi wa msimamizi wake uliokwisha pata fedha. Pendekezo likipita, zinaanza barua. Kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kama ni mgeni, kibali cha COSTECH. Barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi, Mganga Mkuu, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Barua zote hizo zinathibitisha jambo moja tu, kwamba kijana huyu anaruhusiwa kuingia. Hakuna hata moja inayouliza kama swali lake lina kazi yoyote kwa watu anaokwenda kuwauliza.

Anafika wilayani. Anapewa dakika 40 na Mganga Mkuu ambaye simu yake haiachi kuita. Anakaa na wauguzi, anakaa na vikundi vya wanakijiji chini ya mwembe, anarekodi, anashukuru, anaondoka. Miaka mitatu baadaye tasnifu inatoka, kurasa 250, kwa Kiingereza. Ukitoa wanaosomea Kiswahili chenyewe, PhD zetu zinaandikwa kwa Kiingereza. Diwani wa kata aliyokaa mtafiti huyo hataisoma. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati hataisoma. Masharti ya kibali cha NIMR yanataka nakala za machapisho zipelekwe NIMR na wizarani. Sawa kabisa. Na zahanati je?

Kuna wakati nilikuwa nafuatilia habari ya upungufu wa dawa katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Muuguzi wa zahanati aliponiona na daftari akauliza kama mimi ni wa utafiti. Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari. Akacheka, akasema kwake ni yale yale, wote wanakuja na daftari. Akanifungulia kitabu cha wageni. Mlikuwa na vyuo vya hapa nyumbani, vya Ulaya, vya Marekani. Nikamwuliza ni wangapi waliorudi kumweleza walichokigundua. Alifikiri sana, akashindwa kumkumbuka hata mmoja.

Sasa kumbuka huyo muuguzi ndiye anayejaza vitabu vya MTUHA. Anavijaza kwa mkono, foleni ya wagonjwa ikiisha, mara nyingi giza linaingia. Takwimu zake zinapelekwa wilayani, zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na mwisho zinakuwa majedwali ya sura ya nne ya tasnifu ya mtu. Yeye ndiye aliyekusanya. Jina lake halipo hata kwenye ukurasa wa shukrani.

Najua kuna atakayesema naongea kama mtu anayechukia utafiti. Hebu nimpe mfano wa kinyume chake, maana nchi hii imewahi kufanya jambo hili vizuri na dunia nzima ikashangaa.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ulianza mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Ulifanyika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa jepesi hata mtoto angeliuliza: je, timu ya afya ya wilaya ikipewa taarifa sahihi za kinachowaua watu wake, pamoja na fedha kidogo tu ya nyongeza, itapanga bajeti tofauti? Na ikipanga tofauti, watu watapona?

Walipolinganisha magonjwa na bajeti, mambo yakawa wazi. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilikuwa inapata asilimia 5 tu. Hakuna aliyekuwa ameiba. Hakuna aliyekuwa mzembe. Bajeti ilikuwa inapangwa kwa mazoea na kwa matakwa ya wafadhili wa miradi, basi. Timu za wilaya zilipowekewa picha hiyo mezani, kwa michoro ambayo mtu anaielewa bila kuwa na shahada ya takwimu, zilihamisha fedha zenyewe. Nyongeza waliyoitumia ilikuwa chini ya dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Naomba uisome tena hiyo asilimia. Arobaini.

Siri ilikuwa nini? Watafiti na watendaji walikaa chumba kimoja. Swali lilikuwa la wilaya. Majibu yalirudi wilayani yakiwa katika sura ambayo wilaya inaweza kuitumia siku ya kupanga bajeti. Waliofanya kazi hiyo hawakusubiri mtu atetee tasnifu kwanza ndipo Rufiji ijue kinachoua watoto wake.

Sasa nenda ukatafute mafunzo ya PhD ya leo ambayo yanamfundisha mwanafunzi kufanya hivyo. Atafundishwa nadharia. Atafundishwa programu za kuchambua takwimu na mahojiano. Atafundishwa kuandika makala ya jarida la kimataifa. Nani anamfundisha kusoma Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri? Nani anamfundisha kwamba bajeti ya wilaya ina kalenda yake, na kwamba ukileta matokeo yako mwezi Mei wakati vikao vimekwisha, umeleta mapambo? Nani anamfundisha kusimama mbele ya Baraza la Madiwani, wengine darasa la saba, wengine walimu wastaafu, akaeleza alichokiona kwa Kiswahili safi bila kujificha nyuma ya maneno makubwa?

Hayo hayafundishwi kwa sababu hayana maksi.

Mfano mwingine. Mwaka 2006 ulianza mradi wa REACT katika wilaya tatu za nchi tatu: Mbarali hapa kwetu, Malindi Kenya na Kapiri Mposhi Zambia. Ulihusu namna wilaya zinavyoamua kipi kitangulie na kipi kisubiri katika afya. Stephen Maluka wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika humo tasnifu yake ya PhD, akahitimu Umeå, Sweden, mwaka 2011. Kazi nzuri sana, na ukitaka kujua ugatuaji unavyoonekana kwa macho makavu itafute. Ilionyesha kwamba kwenye karatasi wananchi wanashirikishwa kupanga vipaumbele, lakini kwa vitendo ni wataalamu wachache wa timu ya wilaya wanaoamua, huku fedha zikichelewa na miongozo ya juu ikiwabana. Mwandishi wake alirudi nyumbani akafundisha, hakukimbilia ng'ambo. Heshima kwake.

Lakini swali langu liko pale pale. Ni halmashauri ngapi kati ya hizi 184 ambazo bodi zake za afya zimewahi kukaa zikaisoma ile kazi kwa lugha zinayoielewa? Hilo si kosa la mwandishi. Yeye alifanya alichotakiwa na mfumo. Mfumo ndio haukuwa na hatua inayofuata baada ya joho.

Twende kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, ukaboreshwa mwaka 2018 kwa kiwango cha Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wameandika kwa nini wananchi hawajiungi. Majibu yanafanana kama mapacha: mtu anajiunga, anafika zahanati, dawa hakuna, anaambiwa akanunue duka la nje, mwakani harudi tena. Kila mwanafunzi mpya anakwenda kuligundua upya jambo ambalo mama muuza vitumbua wa Igunga angemweleza kwa bei ya kitumbua kimoja. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mnadhani kitakachotokea ni nini? Kundi jipya la tasnifu kuuliza kwa nini wananchi wanasitasita kujiunga na bima ya afya kwa wote. Naweka dau.

Wakati huohuo kuna maswali yanalia huko wilayani na hayana mtu.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Ni jambo jema, na limepunguza ule mchezo wa fedha kupotelea makao makuu ya wilaya. Lakini mganga mfawidhi aliyesomea kutibu sasa ni mhasibu, ni mnunuzi, ni katibu wa kamati. Je, saa anazotumia kwenye vitabu vya fedha zinatoka kwenye saa za nani? Kamati ya zahanati iliyochaguliwa kijijini inauliza maswali gani, na inauliza nini ikinyimwa majibu? Hilo ni swali la PhD ya mtu anayekaa pale mwaka mzima. Wiki mbili za mahojiano hazitoshi.

Au msamaha wa matibabu. Sera inasema wazee wasiojiweza watibiwe bure. Nani anaamua huyu hajiwezi? Barua ya mtendaji wa kijiji. Kwa vigezo vipi? Mzee mwenye mtoto mjini asiyetuma senti anahesabiwa anajiweza au hajiwezi? Afisa ustawi wa jamii anaamua hilo kila wiki, akiwa peke yake, mara nyingi bila usafiri. Ana elimu ya uzoefu ambayo hakuna profesa aliyenayo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uzoefu wake unaweza kuwa sura ya kwanza ya tasnifu, na kwamba mwandishi wa tasnifu hiyo anaweza kuwa yeye.

Hapo ndipo penye moyo wa mada yangu. Tunawafundisha watu wasio sahihi, au tuseme tunawasahau walio sahihi.

Nenda ofisi yoyote ya halmashauri. Utakuta mchumi. Utakuta mtakwimu. Mtu ambaye kazi yake rasmi ni kuuliza kwa nini jambo hili haliendi, hutamkuta. Mganga wa wilaya mwenye akili ya udadisi akitaka kusoma PhD anaomba ruhusa ya masomo, anaondoka, na akimaliza mara nyingi harudi. Tumlaumu? Akirudi anakuta kiti kile kile, posho zile zile, na bosi anayemwona tishio. Shirika lisilo la kiserikali linampa mshahara mkubwa na shangingi. Chuo kinampa jina la mhadhiri. Halmashauri inampa barua ya kumpangia zamu. Kwa hiyo PhD ya huduma za halmashauri imegeuka mlango wa kutokea halmashauri. Kichekesho hicho.

Wenzetu wanafanyaje? Sipendi sana kuwatolea mfano Waingereza, lakini hapa wana jambo. Aprili 2013 England ilihamisha kazi za afya ya jamii kutoka huduma ya taifa ya afya kwenda kwa serikali za mitaa. Baada ya muda wakagundua halmashauri hazina utamaduni wa utafiti. Taasisi yao ya kitaifa ya utafiti wa afya, NIHR, ikaanzisha ufadhili wa PhD mahususi kwa watu wanaofanya kazi katika serikali za mitaa. Mtu analipwa mshahara wake na ada yake, anasoma akiwa bado ana mguu ofisini, na anachotafiti ni kazi ya serikali za mitaa. Mwaka 2022 wakaongeza vituo vya utafiti vinavyokaa ndani ya halmashauri zenyewe, kwa ushirikiano na vyuo, kuchunguza mambo yanayoathiri afya kama vile makazi, ajira na elimu.

Si pepo. Ruzuku ya afya ya jamii kwa halmashauri hizo imepungua kithamani tangu mwaka 2015, na utafiti mzuri hauzibi pengo la bajeti. Lakini wazo ni sahihi: mtafiti wa halmashauri awe mtu wa halmashauri.

Na hapa Afrika Mashariki msingi upo. Tangu 2008 kuna ushirika wa CARTA unaoongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, unaowafundisha kwa pamoja wanafunzi wa PhD wa afya ya jamii kutoka vyuo vya Afrika. Ifakara ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957, na leo ni taasisi yetu inayojulikana duniani. Muhimbili wapo, Mzumbe wapo. Kenya tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti 47, kwa hiyo nao maswali haya yanawahusu moja kwa moja. Hatuna upungufu wa akili wala wa majengo. Tulichokosa ni uamuzi.

Sasa nijibu hoja nitakazoletewa, maana nazijua.

Ya kwanza: halmashauri hazina fedha. Kweli, nyingi ni maskini. Lakini halmashauri hizo hizo zina fedha za warsha, za semina, za ziara za mafunzo ambazo wanaotumwa wanarudi na picha tu. Pia tusijidanganye kwamba mfadhili atatubeba milele. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa tamko la siku moja, na miradi mingi ya afya na utafiti Afrika ikabaki inatazamana. Kama swali lako la utafiti linaishi kwa pumzi ya mtu wa Washington, siku akikohoa nawe unazimia. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wasomi wanaijua ahadi hiyo vizuri kuliko wote, wanainukuu kila utangulizi. Waiseme basi na kwa madiwani wao.

Ya pili: mwajiriwa wa halmashauri hawezi kumtafiti mwajiri wake kwa uhuru. Hii ni hoja nzito na siipuuzi. Mkurugenzi anaweza kumhamisha mtu kwa sababu ya jedwali moja. Ndiyo maana nasema mwanafunzi huyu awe na mkataba wa pande tatu, yaani halmashauri, chuo na TAMISEMI, unaomlinda asihamishwe wala asinyamazishwe hadi amalize na atoe matokeo. Lakini nanyi mnaodai uhuru mniambie: yule anayelipwa na mfadhili wa mradi anaoutathmini yuko huru kiasi gani? Tusichague minyororo ya kuiona.

Ya tatu: PhD ni mchango kwa maarifa ya dunia, si ripoti ya ushauri kwa wilaya. Sikatai. Ila nani kasema maarifa ya dunia hayawezi kutoka kwenye swali la Rufiji? TEHIP ilianza na swali la wilaya mbili na ikasomwa Geneva na Washington. Maarifa yasiyomfaa hata yule aliyeyatoa kwa mdomo wake, mimi sijui yanaitwaje.

Ya nne, hii huwa inasemwa pembeni kwa sauti ya chini: watendaji wa halmashauri hawana uwezo wa kiakili wa PhD. Anayesema hivyo akajaribu kuendesha zahanati yenye wauguzi wawili kwa mwezi mmoja kisha arudi tuongee kuhusu uwezo wa akili.

Basi nipendekeze, maana kulalamika tu ni kazi rahisi.

Moja. Kila chuo kinachotoa PhD ya afya ya jamii, ustawi wa jamii au utawala wa serikali za mitaa kitenge nafasi kila mwaka kwa watumishi wa halmashauri walio kazini: waganga, wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, maafisa maendeleo, maafisa afya. Wasome wakiwa kazini, na muda wa kusoma uhesabiwe kuwa ni kazi.

Mbili. Kila halmashauri kupitia bodi yake ya afya iandike orodha ya maswali matano kila mwaka inayotaka yajibiwe. Orodha ziwekwe hadharani. Mwanafunzi anayeomba kibali cha kuingia wilaya ile aonyeshe swali lake linagusa lipi, au aeleze kwa nini haligusi hata moja.

Tatu. Asihitimu mtu ambaye hajawasilisha matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya Baraza la Madiwani na mbele ya watumishi wa vituo alivyovitafiti. Muhtasari wa kurasa kumi uachwe kila kituo. Kama huwezi kuieleza tasnifu yako kwa Kiswahili, nina wasiwasi kama unaielewa.

Nne. Katika jopo la kutahini aingie Mganga Mkuu mmoja wa halmashauri au afisa ustawi wa jamii mwandamizi mwenye sauti kamili. Aulize lile swali ambalo maprofesa hawaliulizi: nikitoka hapa Jumatatu nifanye nini tofauti?

Tano. TAMISEMI itengeneze kiti cha mtafiti katika muundo wa halmashauri, chenye daraja na mshahara wake, ili aliyesoma awe na mahali pa kurudi. Tuanze hata na halmashauri kumi.

Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji mabilioni. Nyingi zinahitaji kikao kimoja cha seneti ya chuo na waraka mmoja wa serikali. Ndiyo maana nakasirika. Kama lingekuwa jambo la kujenga reli ningevumilia.

Ndugu msomaji, huenda wewe unayesoma hapa ni mmoja wa wanaoandaa pendekezo la PhD sasa hivi. Umekwisha chagua wilaya, umekwisha chagua nadharia, unasubiri kibali. Nakuomba kitu kidogo sana. Kabla hujafunga lile pendekezo, piga simu kwa Mganga Mkuu wa wilaya hiyo umwulize ni jambo gani linamnyima usingizi. Akikujibu, lilinganishe na kichwa cha habari cha tasnifu yako. Kama havihusiani kabisa, una muda bado wa kubadili.

Na ninyi madiwani na wakurugenzi, msikae mnafurahi mkidhani leo nimewapigia debe. Mtafiti anapobisha hodi mnamgongea mhuri bila kumuuliza swali hata moja. Mwulizeni anakuja kutafuta nini, mwambieni tarehe ya kurudi na majibu, na asiporudi kiandikieni chuo chake. Mnaodai kuwa na madaraka, haya ni madaraka ya bure kabisa na hamyatumii.

Mwenye hoja ya kunipinga ailete, nitaisoma na nitajibu. Ila asinijibu kwa Kiingereza cha sura ya pili.